Kuonyesha filamu za vijana mtaani hapa Arusha, anzia kwa mwenye filamu

Wengi wakitaka kuandaa usiku wa filamu mtaani kitu cha kwanza wanatafuta projekta. Projekta utakodi tu, ipo. Mtafute kwanza mwenye filamu, kaa nae, akupe ruhusa ya maandishi. Filamu kuwepo YouTube haikupi wewe haki ya kuwaonyesha watu uwanjani, hiyo kazi ni ya mtu na ameigharamia. Karatasi moja inatosha: jina la filamu, siku, sehemu, itaonyeshwa mara ngapi, atalipwa shilingi ngapi, na kwamba hakuna wa kuikopi. Hata kama una elfu hamsini tu muandikie elfu hamsini na umpe siku hiyo hiyo, maana "tutakutangaza" haimlipii nauli ya kutoka Moshi.

Hapo hapo muulize kama ina kibali na daraja la umri kutoka Bodi ya Filamu. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu 1976 na filamu ya kuonyeshwa kwa umma inatakiwa kupita huko. Kama hujui pa kuanzia nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, nenda mapema kabisa sio wiki ya shughuli. Mwenyekiti wa mtaa nae mpelekee barua, na polisi wapate nakala.

Kuhusu siku, Machi mpaka Mei usijaribu nje, ni masika. Juni na Julai baridi ya Arusha mnaijua, kina mama wenye watoto wanaondoka filamu haijafika nusu, kwa hiyo miezi hiyo omba ukumbi wa shule au wa kanisa. Giza linakuwa limeingia vizuri saa moja na kitu usiku, ila kama uko karibu na msikiti acha Isha ipite ndo uwashe spika. Mimi naanza saa mbili, filamu fupi tatu au nne zisizozidi dakika 50 zote, halafu mazungumzo nusu saa, saa tatu na nusu watoto wanarudi nyumbani.

Vifaa sitaki kuongea sana. Projekta yenye mwanga wa lumeni 3,000 gizani inatosha skrini ya upana wa mita 3, shuka jeupe livutwe lisiwe na mikunjo, jenereta iwe mbali na watu na iwe na mafuta hata kama umeme upo. Hela ikibaki weka kwenye spika, watu wanavumilia picha yenye ukungu lakini wasiposikia maneno wanaanza kupiga stori zao na hapo umeshawapoteza.

Na faili liangalie LOTE, mwanzo mpaka mwisho, kwenye laptopu ile ile utakayotumia. Nasisitiza kwasababu kuna usiku pale Ngarenaro nilicheki dakika mbili za mwanzo nikaridhika, kumbe faili halikukopika lote, filamu ikakata dakika za mwisho na dogo aliyeiongoza amekaa mbele na mama yake aliyekuja kuona kazi ya mwanae kwa mara ya kwanza. Yule mama akaniuliza kwa upole kabisa, "baba, ndo imeisha?" Mpaka leo naumia.

Mazungumzo baada ya filamu ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote na ndo inayorukwa. Usimpe maiki mgeni rasmi kwanza, ataimaliza nusu saa yote. Mpe bibi au kijana wa bodaboda, muulize swali dogo tu, ni wapi pamemgusa. Kama uko Monduli au vijiji vya Meru tafuta mtu wa kutafsiri Kimaasai au Kimeru, na akae na muongozaji siku moja kabla waiangalie pamoja, kutafsiri papo kwa papo filamu hujaiona ni kuiharibu.

Kesho yake futa faili kwenye laptopu na flashi, umpigie mwenye filamu umwambie walikuja wangapi, walicheka wapi, waliuliza nini, na picha mbili tatu za watu wakiangalia kazi yake umtumie. Mmoja niliyemtumia hivyo alinijibu usiku ule ule, ameshaanza kuandika nyingine.