Tulipu za Uholanzi: Panga Safari kwa Kufuata Ua, Si Likizo

Wapo wanaofunga safari ya Uholanzi mwezi Juni, wakifika wanauliza maua yako wapi. Yamekwisha. Bustani ya Keukenhof, pale Lisse, hufunguliwa takriban wiki 8 tu, kuanzia nusu ya pili ya Machi hadi kama katikati ya Mei. Hata humo ndani tulipu zina siku zake. Machi utakuta zaidi dafodili, yale maua ya manjano. Tulipu hukolea kuanzia katikati ya Aprili, zikiwahi au kuchelewa kwa jinsi baridi ilivyokuwa mwaka huo. Ningekuwa wewe ningeenda Jumanne au Jumatano ya wiki ya tatu ya Aprili, nikaepuka Pasaka na tarehe 27, Siku ya Mfalme, maana siku hiyo nchi nzima iko barabarani.

Tiketi nunua mapema mtandaoni, uchague siku na saa ya kuingia. Chukua ile iliyojumlisha basi. Mabasi ya moja kwa moja yapo uwanja wa ndege wa Schiphol na mjini Leiden. Beba koti la kuzuia upepo, na chapati zako pia, kwani kununua chakula cha familia nzima bustanini kutakukausha mfuko.

Habari ya visa. Mwenye pasipoti ya Kenya, Uganda au Tanzania anayeishi Ujerumani, Ubelgiji au Sweden na ana kibali halali cha ukaazi haombi visa nyingine kwa matembezi mafupi, ila asiache nyumbani pasipoti wala kibali. Anayeishi Uingereza lazima aombe visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Uholanzi ikiwemo. Aanze kutafuta miadi Januari. Anayeishi Kanada hana haja ya kuvuka bahari: Ottawa wana tamasha lao la tulipu kila Mei tangu 1953, na kutembea kando ya Dows Lake kuangalia maua ni bure. Chanzo chake ni shukrani. Binti Mfalme Juliana wa Uholanzi alipata hifadhi huko wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1945 Waholanzi wakatuma vitunguu 100,000 vya tulipu, yaani yale mashina ya chini ya udongo yanayopandwa, si vitunguu vya kupikia.

Turudi Lisse. Ile mistari mirefu ya rangi unayoiona kwenye picha za watu haiko ndani ya Keukenhof. Iko nje, kwenye mashamba. Kodi baiskeli karibu na lango uzunguke, lakini simama kwenye njia. Kuna watu wanaingia katikati ya matuta na vitenge vyao vya sare, wanalala chini wapigwe picha, mwenye shamba anatazama tu. Viatu huvunja mashina na kuhamisha magonjwa kutoka shamba moja hadi jingine. Mtu akikuingilia kwenye mahindi yako namna hiyo ungemwitia mwenyekiti wa kijiji.

Usishangae pia ukikuta shamba lililokuwa jekundu juzi limebaki kijani, vichwa vya maua vimerundikana pembeni vikioza. Mashine imepita. Aliyekulia karibu na mashamba ya waridi ya Naivasha itamchukua muda kuelewa: kule ua ndilo mali, hapa mali iko chini ya udongo. Ua likiachwa linanyonya nguvu ya kitunguu, kwa hiyo likishachanua na kukaguliwa hukatwa.

Kwa picha, usiwahi mno. Tulipu hujifunga kukiwa na baridi na hufunguka jua likizipasha, basi saa sita mchana zinakupa sura tofauti kabisa na za saa mbili asubuhi. Na harufu tamu inayokufuata bustanini usiidhanie ya tulipu, nyingi hazinukii. Ni ya hayasinti, ua jingine linalopandwa humo.

Ukitaka kumpelekea mama vitunguu, jua kwamba mimea ina sheria zake. Kenya inahitaji kibali cha KEPHIS, shirika lake la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla ya mzigo kusafiri, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka Uholanzi. Tanzania uliza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kisha kuna suala la baridi: bila wiki kama 12 hadi 16 za ubaridi, tulipu haitoi ua la maana, kwa hiyo Mombasa au Dar vitakaa kwenye friji kwanza. Mwambie mama asiviweke pamoja na matunda. Tofaa na ndizi zikiiva hutoa gesi inayoua chipukizi la ua humo humo ndani ya kitunguu.