Jinsi ya kuitazama picha ya milima ya Kichina: tuanze na Fan Kuan

Picha za wino za Kichina ziitwazo shanshui, yaani "milima na maji", huwaponyoka watu kwa sababu ya haraka. Mtu anatupia jicho, anaona mlima wa kahawia, anapita. Dawa ni kuchagua picha moja na kuikalia saa nzima. Hapa tunatumia "Wasafiri kati ya Milima na Vijito" ya Fan Kuan, iliyochorwa juu ya hariri karibu mwaka 1000, na sasa imo kwenye Makumbusho ya Kasri ya Taifa mjini Taipei.

Hatua ya 1: Pata picha kubwa

Tovuti ya makumbusho hayo inayo. Tumia kompyuta, si simu. Picha yenyewe ina urefu wa sentimita 206 na upana wa 103. Kwenye kioo cha simu cha sentimita 14 inapungua karibu mara 15, na nusu ya vitu vinavyotajwa hapa chini hutaviona. Usiing'arishe kwa programu yoyote. Ule ukahawia ni uzee wa hariri.

Hatua ya 2: Panda kwa miguu

Usianzie kileleni. Anzia chini kulia, kwa watu wawili na nyumbu wanne wa mizigo (baghala, si wale wa Serengeti). Ukishawaona, unajua kipimo cha kila kitu kingine. Panda polepole: kijito, daraja upande wa kushoto, mapaa ya hekalu juu ya miti, halafu ukungu. Hapo kwenye ukungu simama. Ni hariri iliyoachwa karibu tupu, na ndiyo inayoukuza mlima: mguu wa mlima umefichwa, kwa hiyo jicho halina pa kupimia umbali. Juu yake jabali linachukua karibu theluthi mbili ya picha, na kwenye ufa wa kulia maji yanashuka kama uzi.

Usitafute jua wala kivuli chake. Havimo.

Hatua ya 3: Soma alama za brashi

Hapa ndipo saa hupotea. Mchoraji akishapiga mstari wa nje wa mwamba, huujaza kwa alama ndogo zinazoitwa cun (tamka "tsun"). Hizo ndizo zinazokuambia kama jiwe ni gumu au udongo ni laini. Jua tatu kwanza. "Matone ya mvua" ni vidoto vifupi vilivyosongamana. Ndivyo Fan Kuan alivyojaza majabali yake ya kaskazini mwa China. "Nyuzi za katani" ni mistari mirefu iliyolegea na kupishana, inafaa vilima laini vya kusini. Itazame kwenye "Makazi katika Milima ya Fuchun" ya Huang Gongwang, ya mwaka 1350. "Chale za shoka" ni mapana, yamekatika ghafla, kama gogo lililochongwa. Li Tang aliyatumia mwaka 1124.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kudhani kila kidoto ni tone la mvua. Vidoto vyeusi vilivyokaa kwenye ukingo wa juu wa mwamba ni mimea midogo; cun hukaa usoni mwa jiwe na wino wake huwa mwepesi zaidi. La pili ni kusoma nyufa za hariri kana kwamba zimechorwa. Picha hizi hukunjwa kama mkeka, kwa hiyo hupasuka kwa mlalo. Ufa umenyooka na unene wake ni uleule. Alama ya brashi hunenepa na kukonda.

Ukiendelea kuchanganyikiwa, acha kusoma na uchore. Brashi ya ncha, wino mweusi, karatasi ya gazeti isiyochapwa. Ile A4 ya ofisini hainywi wino vizuri, itakudanganya. Chovya, kisha futa brashi kwenye tishu mpaka isidondoke. Ishike wima, gusa kwa ncha, inua: tone la mvua. Ishike wima tena, sasa vuta bila kukaza mkono: katani. Ilaze ubavu, vuta kwa kasi na uinue ghafla: shoka. Doa likitanuka, maji yamezidi. Nywele zikigawanyika na weupe ukajitokeza katikati ya mstari, usifute. Ukavu huo wachoraji wa Kichina huutafuta kwa makusudi. Robo saa ya hivi inashinda maelezo yoyote ya kusoma.

Hatua ya 4: Fumba macho nusu

Sasa unaona weusi na weupe tu. Angalia wino mzito umewekwa wapi.

Hatua ya 5: Mihuri, mwisho kabisa

Wageni huanzia hapa kwa sababu ni myekundu. Mingi si ya mchoraji bali ya waliowahi kuimiliki picha, na haithibitishi lolote: Qianlong, mfalme wa China wa karne ya 18, alijaza maandishi yake juu ya nakala ya "Fuchun" akiiamini, huku ile halisi akiiona ya bandia. Sahihi ya Fan Kuan yenyewe haikuonekana hadi 1958. Imefichwa kwenye majani chini kulia, nyuma ya wale nyumbu.