Sabuni ya mafuta ya nazi yaliyotiwa rangi

Rangi ya mbegu za bixa, zao la Kwale, hutoka vizuri kwenye mafuta na huvumilia kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Bitiruti usihangaike nayo: hugeuka kahawia.

Tia vijiko 2 vya mbegu kwenye gramu 120 za mafuta ya nazi, weka bakuli juu ya maji yanayochemka polepole kwa saa moja, kisha chuja kwa kitambaa. Pima upya, kwani mbegu hubaki na mafuta. Ongeza mafuta ya nazi yasiyotiwa rangi hadi jumla ifike gramu 500. Ukiyaongeza juu ya gramu 500, hesabu ya soda itaharibika.

Pima gramu 73 za kostiki soda na gramu 150 za maji. Mimina soda ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, ukiwa na glavu, miwani na dirisha wazi. Tafadhali weka kando sufuria za alumini: soda huzila na kutoa haidrojeni inayowaka. Tumia stenlesi.

Nairobi asubuhi ya Julai mafuta haya huganda, maana huyeyuka kwenye nyuzi 24. Yakiwa baridi, mchanganyiko huonekana mzito kabla ya wakati, halafu hutengana. Pasha hadi nyuzi 40, soda nayo ipoe ikaribie hapo. Mimina soda kwenye mafuta, koroga hadi iwe kama uji mwepesi, kisha mimina kwenye kalibu.

Kata mara inapokaza, hata kabla ya kupita saa 6 tangu uimimine. Ikichelewa hupasuka vipande. Ianike kivulini wiki 4, kwani jua hufifisha rangi.