Kufunga sensa ya mwendo (MPU-6050) kwenye Hiace: pa kuiweka na namna ya kuvuta nyaya

Wiki iliyopita dogo mmoja alinijia na kipanya (Hiace ya abiria) cha baba yake mdogo. Mwenye gari anataka kujua dereva anakanyagaje breki na anayaparamia vipi matuta, maana bushi na springi zinakwisha kabla ya siku zake. Dogo vifaa vyote alikuwa navyo: ESP32 (kompyuta ndogo inayoisoma sensa), memori kadi na sensa ya MPU-6050. Programu pia aliandika mwenyewe, na mezani ilisoma bila shida. Ikiingia garini, dakika kumi haifiki.

“Kaka, sensa imekufa tena. Hii ya tatu.”

Hakuna iliyokufa. Zote tatu ziko hai mpaka leo.

Hatua ya 1: Umeme

Vuta kutoka boksi la fyuzi, mstari unaowaka ufunguo ukiwa ON, weka fyuzi ya ampea 1, kisha shusha hadi volti 5 kwa LM2596 (moduli ya kushusha volti). Geuza skrubu yake huku mita ikiwa imeunganishwa, kabla hujaigusisha ESP32. Injini ikiunguruma altaneta hutoa kama volti 14, na kuna miruko inayopanda juu ya hapo, kwa hiyo weka diodi ya TVS (inayomeza miruko hiyo) mbele ya LM2596. Tundu la kuwashia sigara usilitumie: plagi inacheza kila tuta, na matuta ndiyo unayotaka kuyapima.

Hatua ya 2: Pa kuiweka

Wengi hubandika juu ya dashibodi kwa sababu mkono unafika. Dashibodi ni plastiki. Inatikisika kivyake, gari kivyake, nawe utakuwa unapima plastiki.

Sensa inataka chuma cha bodi, karibu na katikati ya gari. Gari likikata kona, bodi nzima hugeuka kwa kasi ileile, ila kadiri sensa inavyokaa mbali na kitovu ndivyo inavyosoma msukumo wa ziada. Kwa mgeuko wa nyuzi 30 kwa sekunde, ikiwa mita 2 kutoka kitovu, ziada hiyo ni karibu 0.06 g (g 1 ni mvutano wa dunia). Kwa kukamata breki ya ghafla si neno, lakini kwa kulinganisha kona na kona inakuharibia hesabu.

Kwenye gari dogo ningekwambia weka kati ya viti vya mbele, jirani na handibreki, tumalize. Hiace haikubali hivyo. Injini yake imelala chini ya viti vya mbele, kwa hiyo hapo una joto na mtetemo kwa pamoja. Rudi nyuma kidogo: sakafuni, safu ya kwanza ya abiria, kwenye bolti ya mguu wa kiti ulio karibu na katikati. Legeza bolti, pitisha kipande cha bati nene chenye tundu, kaza, kisha funga boksi juu ya bati hilo kwa skrubu.

Tepu nene ya sponji ni springi, usiitumie. Gundi ya moto ndiyo kabisa sitaki kuiona: gari likishinda juani inalainika, na jioni sensa imeinama bila wewe kujua.

Hatua ya 3: Nyaya za SDA (data) na SCL (mapigo)

Hapa ndipo siku zangu mbili zilikokwenda, miaka kadhaa nyuma, na ndipo dogo alipokwama.

Nilikuwa nimeiweka ESP32 nyuma ya dashibodi na sensa sakafuni, katikati nyaya za simu za mita 3. Gari likiwa limezimwa, safi. Nikiwasha, safi. Nikipiga honi, namba zinaganda: inarudia kipimo kilekile mpaka nizime. Nilibadilisha sensa, nikaandika programu upya, nikalaumu LM2596. Kumbe ni urefu wa waya.

I2C, yaani njia ya sensa kuongea na ESP32 kupitia SDA na SCL, ilibuniwa kwa vipande vinavyokaa bodi moja. Waya mrefu unafanya kazi kama kapasita: mita 3 zinaweza kufika pikofaradi 300, na kikomo cha I2C ni 400. Tazama rezista ndogo zinazoupandisha mstari, kwenye moduli yako; nyingi nilizoshika zina maandishi 472, yaani kilo-omu 4.7. Kwa rezista hiyo na waya ule, mstari unachukua zaidi ya maikrosekunde 1 kupanda, na hicho ndicho kikomo chenyewe hata kwa kasi ndogo, ya kilohezi 100. Hapo hujaongeza kelele ya honi na altaneta. Pigo moja likipotea, sensa inabaki imeushikilia SDA chini ikisubiri pigo lisilokuja.

Dawa: ESP32, sensa na memori kadi vikae boksi moja, nyaya kati yao zisizidi sentimita 20, na zilehemiwe. Zile za kuchomeka zitachomoka. Kinachosafiri garini kiwe umeme wa volti 5 tu.

Ukilazimika kuvuta mbali kidogo, shusha kasi hadi kilohezi 100, na usisokote SDA pamoja na SCL. Karibu kila mtu anafanya hivyo akidhani anasaidia, kumbe anazifanya zisikilizane. Sokota SDA na ethi yake, SCL na ethi yake. Zikizidi mita moja, achana na I2C, tumia RS485, njia iliyobuniwa kwa nyaya ndefu.

Vyovyote vile, programu iwe na njia ya kujinasua: vipimo vikirudia bila kubadilika hata kidogo, tuma mapigo 9 kwenye SCL, kisha uiamshe sensa upya kwa kuandika 0 kwenye rejista (kisanduku cha mipangilio ndani ya sensa) 0x6B.

Hatua ya 4: Mpangilio na chujio

Mhimili wa X utazame mbele, wa Z juu. Chagua ±4 g. ±2 g haitoshi kwa barabara zetu. Gari likisimama pa tambarare, Z isome karibu 8192, yaani 1 g. Ikiinama nyuzi 5 tu, X inakudanganya kwa 0.087 g, kwa hiyo rekodi hali ya kusimama na uirekebishe kwenye programu.

Injini ya silinda 4 kwa mizunguko 800 kwa dakika inatetemesha bodi karibu mara 27 kwa sekunde. Ukisoma mara 20 kwa sekunde, mtetemo huo utajitokeza kama wimbi la hezi 7 ambalo halipo. Andika 5 kwenye rejista 0x1A, chujio likae hezi 10, nawe soma mara 50 kwa sekunde.

Sifuri ya jairo (sehemu ya sensa inayopima mgeuko) ichukue kila ufunguo unapogeuzwa, abiria hawajaanza kupanda, maana joto huihamisha.

Kisha endesha mwendo wa taratibu na ufunge breki: X iende hasi. Ya dogo ilikwenda chanya. Alikuwa amefunga boksi kinyumenyume. Tukabadilisha alama kwenye programu, bolti hatukuigusa.