Insulini wakati wa kaskazi, nyumba isiyo na friji

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, joto la Dar es Salaam na Mombasa hupita nyuzi 30, na chini ya bati huzidi hapo. Ndiyo miezi ninayowapokea kliniki watu wa kisukari wenye sukari ya damu iliyopanda hadi 18 au 20 (mmol/L) wanaoapa kwamba hawajaruka sindano. Wengi wanasema kweli. Dawa ndiyo imeharibika.

Hatua ya 1: Usirundike dawa nyumbani. Kichupa kisichofunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo chukua kimoja kimoja, vingine vibaki kwenye friji ya kituo. Jirani akikuhifadhia vichupa kwenye friji yake, mwambie asiviweke karibu na barafu. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Kilichofunguliwa, andika tarehe kwa kalamu. Kwa aina nyingi mwisho ni wiki 4, tena pasipozidi nyuzi 30.

Hatua ya 2: Tengeneza chungu cha baridi. Tafuta vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi, kimoja kiingie ndani ya kingine. Jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni. Funga dawa kwenye mfuko wa plastiki, iweke chungu cha ndani, funika kwa kitambaa kibichi. Weka kivulini penye upepo, maana maji yakikauka ndipo yanapoondoka na joto. Dodoma hufanya kazi vizuri sana; kwetu pwani hewa ina unyevu, hupoza kidogo tu. Weka kipimajoto ndani ujionee.

Hatua ya 3: Tazama kabla ya kuvuta. Iliyo angavu ikipata ukungu, tupa. Ile nyeupe kama maziwa iviringishe viganjani; ikibaki na chembechembe au ikigandia ukutani, tupa. Ila iliyouawa na joto yaweza kuonekana nzima kabisa. Sukari ikipanda bila sababu, jaribu kichupa kipya na wasiliana na kliniki, usiongeze dozi kwa kubahatisha. Ukitapika au kuhema kwa kasi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 4: Pima mara nyingi zaidi. Hapa nawasihi sana. Joto hupanua mishipa ya ngozini, insulini huingia haraka, sukari huweza kushuka ghafla. Jasho na kutetemeka mtu husema ni jua tu. Choma kidole. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Kama huna kipimo, kunywa hivyohivyo. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Kopo la vijiti vya kupimia lifungwe kila mara, unyevu huvipotosha.

Hatua ya 5: Kunywa maji kabla ya kiu. Dafu lina sukari, lisiwe ndilo maji yako ya siku nzima. Na ufukweni vaa ndala: mguu uliokufa ganzi hauhisi mchanga unavyochoma, malengelenge utayaona jioni ukinawa miguu.