Kabla ya kupandisha volti, piga hesabu ya ampea za betri

Wengi hutazama tu ampea zinazotoka kwenye kipandisha volti, yaani saketi inayoongeza volti ya betri. Kinachochemsha waya wa betri ni mkondo unaoingia humo. Tuseme unataka volti 12 kwa ampea 2 kutoka betri ya volti 3.7. Hizo ni wati 24. Ufanisi ukiwa asilimia 85, betri itatoa wati 28 hivi, yaani karibu ampea 7.6! Waya mwembamba hautafaa, na fyuzi ikae karibu na betri.

Siri ya kupandisha volti iko kwenye koili, yaani waya uliozungushwa. Transista, swichi ya kielektroniki, huwaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiwaka, koili hujaa nishati. Ikizima, koili hukataa mkondo wake ukatike ghafla, hivyo volti yake hujiongeza juu ya ile ya betri na kusukuma mkondo kupitia dayodi (hupitisha mkondo upande mmoja tu) hadi kwenye kapasita, inayohifadhi chaji.

Kishusha volti, kinachofanya kinyume, ni nafuu kwa betri: volti 12 ikiwashwa asilimia 42 ya muda hutoa kama volti 5, na betri hutoa ampea pungufu kuliko zinazofika kwenye simu unayochaji. Ila tafadhali, rekebisha skrubu ya volti kwenye kishusha ukipima kwa multimita kabla hujachomeka simu.