Namna ya kupima sharti la nyumba za bei nafuu kabla ya kulipinga mahakamani California

Marekebisho ya 5 ya Katiba ya Marekani yanakataza serikali kutwaa mali ya mtu kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki. Waendelezaji wengi wa majengo wakipewa sharti la nyumba za bei nafuu, yaani kutakiwa kuchangia nyumba hizo ili wapate kibali cha ujenzi, hukimbilia hapo moja kwa moja, kabla ya kujiuliza wametakiwa kutoa nini hasa.

Basi chukua masharti ya kibali, uyasome moja moja. Je, umewekewa ukomo wa bei ya nyumba utakazouza, au umetakiwa utoe ardhi au fedha? Jiji la San Jose lilitaka miradi ya nyumba 20 na zaidi za kuuzwa itenge asilimia 15 kwa bei nafuu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba huo ni udhibiti wa matumizi ya ardhi, unaofanana na udhibiti wa bei, na kwamba hakuna mali iliyotwaliwa. Kama sharti lako ni la aina hiyo, hoja ya Katiba ni dhaifu. Mwanasheria akikuahidi ushindi, mwulize ataikwepaje hukumu hiyo.

Likiwa ni la ardhi au fedha, hali inabadilika. Hapa zinaongoza kesi za Mahakama ya Juu ya Marekani. Kesi ya Nollan (1987) inadai sharti liwe na uhusiano wa kweli na athari za mradi. Ya Dolan (1994) inadai kiasi kilingane, walau kwa makadirio, na ukubwa wa athari hizo. Katika Dolan, mji wa Tigard, Oregon, ulimtaka mwenye duka la vifaa vya mabomba atoe ardhi kwa njia ya baiskeli, kwa maelezo kwamba njia hiyo ingeweza kupunguza magari. Mahakama ilisema "ingeweza" haitoshi. Koontz (2013) iliingiza madai ya fedha katika vipimo hivi, na Sheetz (2024), iliyohusu ada ya barabara ya dola 23,420 katika kaunti ya El Dorado, ikasema ada haikwepi vipimo hivyo kwa kuwa tu imetungwa na baraza la kutunga sheria. Lakini haikuamua kama ada ya jumla lazima ipimwe kwa kila mradi peke yake, kwa hiyo usidai kwamba Sheetz inasema zaidi ya hapo.

Omba utafiti ambao ada imejengwa juu yake. Kwa kawaida hesabu huenda hivi: wakazi wapya watatumia fedha, matumizi yatazaa ajira za mshahara mdogo, wafanyakazi hao watahitaji makazi. Kagua kila hatua, hasa kama umebebeshwa upungufu wa nyumba uliokuwapo kabla ya mradi wako.

Kinachoua kesi nyingi ni tarehe. Sheria ya California inakutaka ulipe kamili, au uonyeshe mpango wa kulipa, na upeleke pingamizi la maandishi lenye hoja za ukweli na za sheria ndani ya siku 90 tangu sharti liwekwe. Kesi ifunguliwe ndani ya siku 180 tangu halmashauri ikupe taarifa rasmi. Kesi ya Sterling Park (2013) ilithibitisha kwamba njia hii inahusu pia masharti ya nyumba za bei nafuu. Faida yake ni kubwa: ujenzi unaendelea, na ukishinda unarudishiwa fedha pamoja na riba.